Taa za Mtu Asiyeona

Mume wangu ni dalali wa nyumba, na tangu anioe sijamsikia hata siku moja akisema nyumba ni mahali pa kukaa. Kwake nyumba ni kitu cha kuonyesha. Akiingia msibani, kabla hajatoa pole macho yake yameshapanda darini na kushuka mpaka kwenye vigae, na ukimtazama vizuri utaona midomo inacheza. Anatunga tangazo. Chumba chetu cha kulala, ambacho ukifungua kabati huwezi kufungua mlango, anakiita masta. Zamani nilikuwa nacheka. Sasa hivi akilitamka neno hilo nasikia kinyaa, na nitaeleza kwa nini.

Ila hadithi hii si yake, ingawa anapenda kila kitu kiwe chake. Ni ya dada yake, wifi yangu, ambaye mtaani wanamwita Pasi kwa sababu ni dobi. Ana kibanda chenye meza moja ndefu iliyovishwa blanketi, na hapo husimama kutwa nzima akinyoosha mashati ya watu wanaokwenda kazini kukaa. Ncha za vidole vyake zimekuwa ngumu na zinang'aa. Anaweza kuigusa pasi ya moto kupima joto lake na asikunje uso. Si mtu wa maneno mengi. Ukimpelekea umbea atakusikiliza mpaka mwisho, halafu atakuuliza kama hilo gauni ulilovaa ulilikunja ukiwa na hasira.

Umeme anaujua kama wanavyoujua watu waliokwisha kuungua nao. Soketi ya pale kibandani imeshayeyuka mara kadhaa, na yeye huinusa kabla haijatoa moshi. Anaacha kazi, anachomoa, anakaa kwenye kigoda kusubiri ipoe. Katika vipindi hivyo vya kusubiri ndipo alipoijenga nyumba yake, kichwani kwanza. Wenzake walipokuwa wakibadilisha simu yeye alinunua nondo. Walipokuwa wakisuka nywele yeye alinunua mbao. Ilichukua miaka, na mvua ziliuosha ule msingi mpaka watu wakaanza kuutania kwamba ni kaburi la familia. Ukuta mmoja ukapanda, kisha mwingine, kisha bati.

Alikuwa anamjengea mama yake. Hakuwahi kulisema kwa sauti, lakini sote tulijua.

Mama mkwe wangu macho yake yalikufa taratibu, la kushoto likitangulia. Daktari alisema hakuna cha kupasua wala cha kusafisha; kilichobaki ni mwanga tu. Yaani anajua dirisha liko wapi. Anajua mtu akipita mbele ya mlango, kwa sababu mlango unazimika na kuwaka. Sura haoni, ngazi haoni, kikombe haoni. Ni mwanamke mrefu aliyepinda mgongo, mcheshi kuliko watoto wake wote, na mwenye aibu ya mwili isiyo na kifani. Nimekaa naye miaka yote hii sijawahi kumwona akivua hata kilemba mbele yangu.

Yeye na wifi walikuwa wamepanga chumba kimoja kwenye nyumba ya wapangaji wengi. Choo kilikuwa mwisho wa uwanja, ukipita kamba za nguo na ndoo za watu. Kila alipotaka kwenda ilibidi ashikwe mkono. Wifi akiwa kazini alishikwa na yeyote aliyekuwepo, na wengine wakishamfikisha walisimama pale pale mlangoni wakiongea na simu, wakimgongea amalize. Siku moja nilimpelekea mama chungwa, nikaona midomo yake imepasuka. Nikamuuliza kama anaumwa. Akacheka, akasema amejizoesha kutokunywa maji baada ya mchana ili asisumbue watu. Alilisema kama mtu anayeeleza mbinu nzuri ya kuokoa sabuni. Nilitoka pale nimechukia dunia nzima, na nilipomweleza mume wangu alisema wazee hawahitaji maji mengi.

Hiyo ndiyo nyumba ambayo wifi alikuwa anaijenga: mahali ambapo mama yake angekunywa maji akiwa na kiu, kisha aende chooni peke yake, afunge mlango.

Bati lilipokaa na kabla ya plasta, tukaanza kwenda kila Jumapili, wifi, mama na mimi. Fundi umeme alikuja Jumapili ya kwanza akiwa na karatasi, akauliza swichi zikae wapi. Wifi akamwambia aikunje karatasi yake. Alimsimamisha mama mahali ambapo kitanda kitakuwa, akamwambia, "Mama, nenda chooni." Mama akaenda. Mkono wake wa kulia ukapapasa tofali, ukateleza, ukasita, ukashika. Mahali uliposhika kutafuta msaada, wifi alichora msalaba kwa chaki. Swichi hapo. Mama akaendelea, kona ya mlango, korido, kona nyingine, na sisi nyuma yake. Tulipomaliza nyumba nzima ilikuwa na misalaba, na yote ilikuwa usawa wa nyonga, kwa sababu mtu aliyepinda mgongo hanyanyui mkono juu ya bega kutafuta ukuta.

Nilimtania, nikamuuliza kama amejenga chekechea.

"Ngoja mgongo wako upinde, wifi," alinijibu. "Utakuja kuniomba nikuchoree na zako."

Kuhusu taa zenyewe alikuwa ameshafanya utafiti wake kwa njia zake. Kule kwenye chumba cha kupanga alikuwa akimkalisha mama kitini, anaizungusha taa ya mezani kila upande, anamuuliza anaona nini. Taa ikimwangalia machoni, mama alisema kila kitu kimekuwa maziwa. Ikiwa nyuma yake, hakuna kitu. Ikiupiga ukuta, anauona ukuta, anaona unapoishia. Basi wifi akaamua kwamba hakuna taa hata moja katika nyumba ile itakayomwangalia mama usoni. Taa za korido zingefichwa pembeni, chini, zimwagie mwanga ukutani tu. Sebule ingekuwa na taa dhaifu iliyofunikwa. Taa kali ingekuwa moja tu nyumba nzima, nyeupe, ya kuwaka mchana na usiku bila kuzimwa, na hiyo ingekaa chooni.

"Ukitoka popote, mama, tafuta mwanga mkali kuliko yote. Huo ndio choo."

Mama alilirudia hilo kila Jumapili, kama mtoto anayekariri. Mwanga mkali kuliko yote. Siku moja akasimama katikati ya korido isiyo na sakafu, akacheka peke yake. Akasema nyumba za watu zina taa kubwa kwa ajili ya wageni, lakini ya kwake choo ndicho kitakuwa ikulu. Fundi umeme, kijana mpole mwenye penseli sikioni, alicheka mpaka akaidondosha. Alielewa. Alipita kwenye kila msalaba akaonyesha mahali atakapochimba ukuta na kupitisha paipu, na wifi akamwitikia kwa kichwa.

Sasa ndipo mume wangu anapoingia, na natamani nisingekuwa na sababu ya kumwingiza.

Wifi hana nafasi siku za kazi. Kufunga kibanda ni kupoteza wateja. Mume wangu, ambaye ni mdogo wake, akajitolea kusimamia, eti mafundi anawajua wote na hawawezi kumchezea. Wifi akamshukuru. Tangu hapo kila Jumapili ikaja na sababu yake. Plasta mbichi, msije. Vigae havijashika, mkikanyaga vitacheza. Rangi ina harufu, itamdhuru mama kifua. Alikuwa akirudi nyumbani na vumbi jeupe kwenye nyusi, ananiagiza maji ya kuoga kwa sauti ya mtu aliyejenga daraja, nami nampa. Mama kule kwenye chumba cha kupanga alikuwa akiuliza Jumapili kama ni leo.

Ilipofika siku ya kuwasha umeme, mume wangu alitangaza kwamba nyumba lazima ifunguliwe kwa heshima. Alialika ndugu, sawa, lakini alialika na wateja wake, watu ambao hawakumjua mama wala dada. Alipanga iwe jioni, giza likianza kuingia, na akatusimamisha wote barabarani mbele ya geti, mama akiwa amenishika mkono. Kisha akaingia ndani peke yake na kuwasha swichi kuu.

Nitasema nilichokiona. Nguzo za geti zilikuwa na taa juu kama vichwa. Ukuta wa mbele ulikuwa na taa zinazotupa mwanga juu na taa zinazotupa mwanga chini. Ndani, dari ya jipsam ilikuwa imepangwa ngazi ngazi kama keki ya harusi, na kwenye kila ngazi ulipita mkanda wa taa unaobadilika, nyekundu, buluu, kijani, zambarau. Katikati ya sebule ilining'inia taa ya vioo kubwa kuliko meza iliyokuwa chini yake. Watu wakavuta pumzi. Mteja mmoja akatoa simu akaanza kupiga picha. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni mikono nyuma, na uso wake uking'aa rangi zote hizo kwa zamu.

Wifi hakutazama juu. Alikatiza sebule na viatu vyake vya kazini, akaingia koridoni, nikamwona akipitisha kiganja ukutani usawa wa nyonga, pole pole, kutoka kona hadi kona. Ukuta ulikuwa laini. Umepigwa rangi ya kung'aa, hauna kitu. Swichi zilikuwa juu kabisa, nne nne kwenye kibao kimoja karibu na kila mlango, kama zinavyokaa kwenye nyumba anazouza mume wangu. Koridoni hapakuwa na taa za ukutani, ule mkanda wa rangi tu huko darini. Akafungua choo. Palikuwa na kataa kadogo ka manjano, ka kutia usingizi.

Alirudi sebuleni. Nilikuwa nimeshamkalisha mama kwenye kochi na kumpa glasi ya soda, na alikuwa anakunywa bila wasiwasi, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, maana alikuwa nyumbani kwake. Wifi alimuuliza mdogo wake kwa sauti ya chini taa za mama ziko wapi. Mume wangu angeweza kumvuta pembeni. Angeweza hata kusema uongo, kazi anayoiweza. Lakini watu walikuwa wanasikiliza, na yeye mbele ya watu huwa anavimba.

"Dada, kuwa mkweli," alisema, akitabasamu kwa wateja. "Mama haoni. Mtu asiyeona, taa za nini?"

Mtu fulani alicheka, kicheko kifupi cha puani. Mume wangu akaendelea kueleza kwamba zile waya za koridoni amezipeleka getini, mahali penye macho ya watu, kwa sababu nyumba ni mbele, na kwamba swichi za chini zingeonekana kama makosa ya fundi na kuishusha nyumba hadhi. Alizungumza kama mama ni kabati lililosukumwa pale kochini. Mama aligeuza uso kuelekea ile sauti, glasi mkononi, na lile tabasamu alilokuwa nalo likabaki tu usoni, halina mwenyewe.

Nimeshamwona mume wangu akitapika ulevi, nimemuuguza tumbo la kuhara, nimemkata kucha za miguu. Hakuna hata mara moja kati ya hizo niliyomwonea kinyaa kama nilivyomwonea pale, akiwa amevaa suti.

Wifi akatoka nje kumfuata fundi umeme, ambaye naye alialikwa na alikuwa amesimama uani na soda yake. Maelezo ya fundi niliyapata baadaye. Aliambiwa na mume wangu kwamba dada amebadilisha mawazo, kwamba alifikiria tena akaona zile swichi za chini ni aibu. Aliuliza mara mbili, akaambiwa aache ubishi. Huyo kijana alipojua ukweli aliiweka soda chini na hakuimaliza.

Mimi nilikuwa nakusanya glasi. Nilimwona mama akinyanyuka, nikamfuata nimsaidie, akanisukuma mkono kwa upole. Akaniambia niendelee na wageni, hii ni nyumba yake, njia ya chooni anaijua tangu haina plasta. Na kweli aliijua. Lakini aliijua ikiwa tofali, mkono wake umezoea kukwaruzwa. Sasa ukuta ulimteleza kama sahani. Mkanda wa rangi ulikuwa ukibadilika juu ya kichwa chake, ukuta mwekundu, ukuta wa buluu, sakafu nayo inarudisha rangi zile zile. Nilimwona akisimama, akipapasa usawa wa nyonga, asipate kitu. Kisha akainua uso na kufanya alichofundishwa. Akatafuta mwanga mkali kuliko yote.

Ulikuwepo. Pale ambapo sebule inapakana na chumba cha kulia, mume wangu alikuwa amejengesha ukuta mfupi, na nyuma ya ukuta huo akaweka chungu kikubwa cha maua ya plastiki, kisha akakimulikia taa tatu nyeupe kali kutoka juu. Hiyo ndiyo kona ya picha. Alisema kila nyumba ya maana ina kona ya picha.

Mama akaufuata ule mwanga. Hatua zake zilikuwa za uhakika. Akaushika ule ukuta mfupi akadhani ni fremu ya mlango, akaingia, akageuka, akatafuta mlango wa kufunga kwa mkono, asiupate. Nadhani haja ilikuwa imemzidi. Wakati ninaelewa kinachotokea nilikuwa ng'ambo ya sebule nimebeba sinia, na watu wote wale walikuwa wakimtazama. Mama mkwe wangu, ambaye sijawahi kumwona bila kilemba, akainua gauni lake chini ya taa tatu na kuchuchumaa.

Nililidondosha lile sinia. Nilifika kwake nikavua mtandio wangu na kumfunika, nikakaa mbele yake nimewapa watu mgongo, nikamshika mpaka amalize, kwa sababu mtu hakatizwi. Nyuma yangu nilisikia kile kicheko cha puani tena. Nilisikia mtu akimwambia mwenzake asipige picha, na sijui kama alisikilizwa. Na nilisikia sauti ya mume wangu, ambayo sitaisahau, ikisema, "Jamani, samahanini. Samahanini sana." Alikuwa anawaomba radhi wao.

Wifi na mimi tulimwogesha mama kwenye kile choo chenye kataa ka manjano. Wifi hakulia. Alimsugua mama miguu kwa sabuni taratibu, kila kidole. Kisha tukamkausha.

"Walikuwepo watu?" mama akauliza.

"Hapana, mama. Ni sisi tu," wifi alimjibu.

"Nilisikia kicheko," mama alisema, nasi tukamlaza.

Wageni waliondoka kwa haraka ya adabu. Nilipotoka nilimkuta mume wangu akipangusa chungu cha maua. Aliniambia kwamba mteja wake mkubwa ameona yote, na sasa atamtazama vipi. Nilimtazama akipinda kiuno juu ya maua ya plastiki, akiyafuta jani kwa jani, na nikajua kuna kitu kimekatika ndani yangu ambacho hakitaungwa. Nililala pale pale, sakafuni, chumbani kwa mama. Yeye alirudi kwetu kulala kwenye masta yake.

Asubuhi tulipokuwa tunakunywa chai wifi alikuwa ameshatoka. Alirudi na fundi umeme, na fundi alikuja na nyundo, tindo na rola ya waya begani. Wifi hakuwa ameenda kazini. Kwa kumbukumbu zangu ni mara ya kwanza kibanda kile kukaa kimefungwa siku ya kazi. Alimwonyesha fundi ukuta wa korido, ule wa rangi ya kung'aa, akamwambia achimbe kutoka chumbani kwa mama mpaka chooni, na akimaliza apande darini akaishushe mikanda yote ya rangi. Zile taa tatu za kona ya picha zihamie chooni. Fundi alisema afadhali tumwombe mama atembee tena ili apate usawa, na mama, ambaye hakuwa amekula kitu tangu jana, alisimama.

Ndipo mume wangu alipofika. Sijui nani alimpigia simu. Labda jirani, labda pua yake. Aliingia na viatu, akaona chokaa ya kwanza imedondoka, akasimama kati ya fundi na ukuta. Alisema mengi. Alitaja jipsam, rangi iliyotoka nje ya nchi, picha ambazo tayari amezituma kwa watu. Wifi alimsikiliza mpaka mwisho kama anavyosikiliza umbea. Kisha akamwambia apishe.

Nyumba ni ya wifi, na mume wangu analijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote, maana kazi yake ni kujua nyumba ni ya nani. Hakuwa na la kumzuia nalo. Kwa hiyo akatoa lile alilokuwa amelificha mwisho kabisa. Nilimwona akigeuza macho kumtazama mama aliyekuwa hatua chache nyuma ya wifi, akashusha sauti, kana kwamba asiyeona pia hasikii.

"Mnabomoa nyumba ya maana kwa ajili ya nini, dada? Mama atakaa humu muda gani?"

Fundi aliishusha nyundo. Mimi nilitamani kuokota tindo, na sisemi mzaha.

"Mwanangu," mama alisema. "Sogea hapa."

Alisogea. Mtoto wa kiume wa pekee, amezoea kuitwa akapewe kitu. Mama akanyoosha mkono, ukatua kifuani pake kwenye tai, ukapanda shingoni, ukafika usoni. Akampapasa kipaji, nyusi, pua, mashavu yote mawili, kidevu. Hakuwa na haraka. Mume wangu akafumba macho, na nina hakika alidhani anabarikiwa.

"Tangu macho yangu yafe, watu wananipa pole kwamba siioni sura yako," mama alimwambia. "Nami nilikuwa nazipokea. Kuanzia leo nitawarudishia pole zao."

Akauondoa mkono usoni mwake, akaufuta kwenye gauni, kiganja kwanza, kisha nyuma ya kiganja, kisha vidole. Akauliza fundi yuko upande gani, akamwambia agonge.